Farasi jike ambaye Kasongo haijamuona

Ukisafiri kutoka Kasongo mpaka Kabambare, kwa mguu ao kwa pikipiki, utakutana na mbuzi, kuku, bata, mbwa wa wawindaji, pengine na ng'ombe wachache. Farasi hutamuona. Lakini kila mwanafunzi wa agronomia aliyepita kozi ya fiziolojia ya uzazi amesoma habari za farasi jike. Siku ya mtihani anaandika kwamba mimba yake inachukua karibu miezi 11, kwamba ovari zake zinafanya kazi ya ajabu katika miezi ya kwanza, kwamba kuna homoni inaitwa PMSG. Tunaandika, tunapata pointi, tunasahau. Kisha tunaulizana: ile yote ilikuwa ya nini, sisi watu wa Maniema tusio na hata farasi mmoja?

Mimi naona jibu lipo, ila haliko ndani ya sillabusi. Liko ndani ya historia.

Tuanze na kwa nini hayupo. Watu wa pwani walikuwa na farasi. Zanzibar ya Sayyid Said ilikuwa na farasi na punda weupe wa Maskati. Binti yake Salme, aliyeolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, alieleza katika kitabu chake cha 1886 namna watoto wa sultani walivyopandishwa juu yao tangu wadogo. Na ni kutoka pwani hiyohiyo ndiko walitoka wafanyabiashara waliofika kwetu, pamoja na Hamed bin Muhammed, yule tunamuitaka Tippu Tip, wakafanya Kasongo mji mkubwa. Walikuja na mchele, na Kiswahili, na Uislamu, na bunduki. Farasi hawakuweza kukaa. Katikati ya pwani na sisi kulikuwa na mbung'o, ile nzi ya tsetse, na ugonjwa wa nagana anaoleta.

Livingstone mwenyewe alijaribu. Mwaka 1866 alianza safari upande wa mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, kusudi aone ni mnyama gani anaweza kuvumilia mbung'o. Jaribio lilikufa pamoja na wanyama. Alipofika Maniema alikuwa anatembea kwa miguu yake, tena miguu mibaya: mwaka 1870 alikaa miezi mingi pale alipoandika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, vidonda vikimzuia kwenda mbele. Ilibidi kungoja mpaka David Bruce, katika miaka ya 1894 na 1895 kule Zululand, aonyeshe kwamba nagana inatoka kwa kidudu kidogo ndani ya damu na kwamba mbung'o njo anakibeba.

Kwa hiyo pembe za tembo za Maniema zilitoka hapa juu ya vichwa na mabega ya watu. Sisemi kwamba mbung'o alianzisha utumwa. Wanadamu walianzisha wenyewe, tena kwa faida yao. Lakini mahali mnyama wa kubeba mizigo anakufa baada ya wiki chache, bei ya bega la mtu inapanda, na mababu zetu walilipa bei hiyo.

Sasa hapa historia ya nagana na historia ya homoni zinakutana, na wengi hawajui. Mwisho wa karne ya 19 profesa mmoja wa Edinburgh, James Cossar Ewart, alikuwa anafuga punda milia dume, jina lake Matopo, na kumpandisha kwa farasi majike. Alikuwa na maswali yake ya urithi, lakini pia kulikuwa na matumaini ya kikoloni: kupata mnyama chotara mwenye nguvu ya farasi na uvumilivu wa punda milia, atakayevuta mizigo Afrika bila kuuawa na nagana. Wajerumani pia walijaribu kufuga punda milia karibu na Kilimanjaro. Machotara wa Ewart walizaliwa, walipigwa picha, kitabu kilitoka mwaka 1899. Wokovu wa usafiri wa Afrika haukutoka.

Lakini mwaka 1897 huyohuyo Ewart alikuwa ametoa kitabu kidogo kuhusu majuma ya hatari katika kukua kwa kiinitete cha farasi, maana wafugaji walikuwa wanaona mimba nyingi zinapotea mapema. Ndani yake alichora ukanda mwembamba unaozunguka ngozi za kiinitete, sawa mshipi kiunoni. Hakujua mshipi huo unafanya nini. Kazi yake ilikuja kueleweka vizuri miaka 75 baadaye.

Katikati hapo kulipita Berlin. Miaka ya 1927 na 1928 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walionyesha kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba, ukidungwa kwa panya jike mdogo ambaye hajakomaa, unaamsha ovari zake. Ndiyo kilikuwa kipimo cha kwanza cha mimba cha kuaminika. Mwaka 1930 Zondek akakuta kwamba mkojo wa farasi jike mwenye mimba umejaa estrojeni kwa wingi wa kushangaza. Halafu Hitler akaja, Zondek, kwa kuwa alikuwa Myahudi, akakimbilia Stockholm, kisha Yerusalemu. Mwaka 1934 akatangaza jambo lingine la kuchekesha: kwamba hata mkojo wa farasi dume una estrojeni nyingi sana. Dume! Niliposoma hiyo mara ya kwanza nilirudia mstari mara mbili.

Mwaka uleule wa 1930, kule Davis, California, Harold Cole na George Hart hawakushughulika na mkojo. Walichukua serumu ya damu ya farasi majike katika hatua mbalimbali za mimba na kuidunga kwa panya wadogo. Kabla ya siku ya 40 hivi, hakuna kitu. Baada ya hapo, ovari za panya zinavimba na kukomaa. Mimba ikiendelea, nguvu ile inapungua mpaka inaisha. Mwaka 1931, pamoja na Howell, walieleza yanayotokea ndani ya ovari za farasi mwenyewe, na hapa naomba tukae kidogo, juu hii ni sehemu ambayo mtihani unaipita mbio.

Chukua ng'ombe. Yai likitoka, pale lilipotoka panabaki mwili wa manjano, unaotengeneza projesteroni. Akishika mimba, mwili uleule mmoja unabaki mpaka karibu na kuzaa. Jambo rahisi. Farasi naye anaanza vilevile: yai linatoka, mwili wa manjano unajitengeneza. Kiinitete kinaingia katika mji wa mimba karibu siku ya 6, na hakikai mahali pamoja. Kinatembea kutoka pembe moja mpaka nyingine, kwenda na kurudi, mpaka siku ya 16 hivi, sawa mtu anayepita nyumba kwa nyumba kusema "niko, msinitupe". Kisha kinatulia.

Karibu siku ya 36 mpaka 38, chembe za ule mshipi wa Ewart zinatoka kwa kiinitete na kuingia ndani ya ukuta wa mama. Zinajipanga pale kama vikombe vidogo, na ndivyo vinaitwa hivyo, vikombe. Kuanzia siku ya 40 vinamwaga PMSG katika damu ya mama. Kiwango kinafika juu kabisa karibu siku ya 60 mpaka 70. Na ovari za mama, ambaye tayari ana mimba, zinaamka upya: vifuko vipya vya mayai vinakomaa, vingine vinatoa yai, vingine vinageuka manjano bila kutoa chochote, na mama anapata miili ya manjano ya ziada. Projesteroni inapanda tena. Kati ya siku ya 120 na 150, chembe nyeupe za damu ya mama zinakuwa zimevishambulia vikombe, vinakufa na kubanduka. Kufikia wakati huo kondo limejifunza kutengeneza homoni zake, na ovari zinaweza kulala.

Wachunguzi walipima hilo kwa kisu. Ukiondoa ovari za farasi jike kabla ya siku ya 45, mimba inapotea. Ukiziondoa kati ya siku ya 50 na 70, wengine wanapoteza, wengine wanashika. Ukiziondoa baada ya siku ya 140, mtoto anaendelea kukua hata bila ovari za mama. Yaani kuna kupokezana kazi, na vikombe vinalinda daraja wakati wa kuvuka.

Swali lililobaki lilikuwa: vikombe ni vya nani? Mwaka 1943 Cole na Goss walionyesha kwamba PMSG inatoka ndani ya vikombe, na watu wakadhani ni kazi ya mama, kwa vile viko ndani ya ukuta wake. Lakini kulikuwa na fumbo la nyumbu. Farasi jike akipandwa na punda, PMSG katika damu yake inakuwa ndogo sana kuliko akipandwa na farasi. Mama ni yuleyule, kilichobadilika ni baba tu. Mwaka 1962 Clegg, Cole na wenzao walitoa hoja hiyo wazi: urithi wa mtoto njo unaamua. Na mwaka 1972 Allen na Moor, kule Cambridge, walichukua chembe za mshipi kabla hazijaingia kwa mama, wakazikuza katika chombo cha maabara, na zikatengeneza homoni zenyewe. Kumbe ni za mtoto. Nusu ya urithi wake ni ya baba, ndiyo sababu mwili wa mama unazishambulia kama nyama ya mgeni.

Jambo hilo lina ukatili wake kwa wafugaji wa farasi wa mbio, wa Nairobi na wa kwingine. Mtoto akifa baada ya siku ya 40, vikombe havijui. Vinaendelea kumwaga PMSG, kipimo cha damu kinasema mimba ipo, na jike harudi katika joto vizuri mpaka vikombe vife vyenyewe. Msimu umepotea.

Sasa, nani katika Afrika ya kwetu alitazama mambo haya? Walikuwepo, na wengi wao walitazama tembo. J. S. Perry alifanya kazi Uganda baada ya vita ya pili ya dunia, akakusanya ovari za tembo waliouawa, na mwaka 1953 akachapisha maelezo marefu kupitia Royal Society ya London. Alikuta kwamba tembo jike mwenye mimba, anayezaa kwa kawaida mtoto mmoja, ana miili ya manjano mingi kwa wakati mmoja. Wazo lililokuja kichwani lilikuwa farasi: pengine tembo pia anabadilisha miili hiyo katikati ya mimba yake ya miezi 22. Richard Laws alifika Uganda mwaka 1961, akaongoza kitengo cha Nuffield katika hifadhi ya Queen Elizabeth. Kati ya 1965 na 1967 tembo kama 2,000 waliuawa kwa mpango upande wa Murchison Falls, kwa sababu ilisemwa wamezidi na wanamaliza miti, na viungo vyao vikawa maktaba nzima ya uzazi wa tembo. Upande wa Kenya, J. M. King alifanya kazi juu ya uzazi wa punda milia na kuichapisha mwaka 1965.

Fumbo la tembo lilikaa muda mrefu. Mwaka 1972 Hanks na Short, waliofanya kazi na tembo wa Zambia, walitafuta projesteroni ndani ya miili ile ya manjano na kukuta kidogo sana. Viungo vikubwa hivyo, homoni hakuna? Baadaye ilijulikana kwamba tembo anatumia zaidi ndugu wa projesteroni, molekuli zilizobadilishwa kidogo, ambazo vipimo vya wakati ule havikuwa vinazitafuta. Na walipoanza kuwatazama tembo wa kufugwa kwa ekografia, waliona kwamba miili ya ziada haitokei katikati ya mimba. Inatengenezwa kabla. Ubongo wa tembo jike unatuma mawimbi mawili ya homoni, yaliyoachana kwa wiki tatu hivi. Wimbi la kwanza halitoi yai, linaacha miili ya manjano tu, na wimbi la pili njo linatoa yai. Kwa farasi, mtoto anaagiza akiba kwa nguvu. Kwa tembo, mama anaiweka mwenyewe kabla mtoto hajafika. Wanafanana matokeo, hawafanani njia. (Kuna kufanana kwingine ambako kunanishangaza zaidi: kwa wote wawili, viungo vya uzazi vya mtoto tumboni, dume ao jike, vinavimba mpaka kupita ovari za mama. Kwa farasi vinalipa kondo malighafi ya kutengenezea zile estrojeni alizoziona Zondek katika mkojo.)

Hapa ninasikia uchungu kidogo kama mtoto wa Maniema. Tembo waliokufa katika misitu yetu wakati wa Kasongo ya Tippu Tip hawakuhesabiwa. Walihesabiwa pembe, kwa uzito. Hakuna ovari hata moja iliyofunguliwa na mtu wa kuandika. Kasongo iliingia katika majarida makubwa ya sayansi baadaye sana, mwaka 1981, kwa kazi ya chanjo ya surua kwa watoto, na si kwa wanyama wake.

Turudi kwa PMSG, maana haikubaki ya vitabuni. Ina kazi kubwa katika ufugaji: inadungwa kwa ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe ili majike waingie joto pamoja, ao watoe mayai zaidi. Homoni ya mimba ya mwanamke inapita kwenye mkojo. PMSG imefunikwa na sukari nyingi, ni kubwa, figo hazichuji kirahisi, kwa hiyo inakaa ndani ya damu kwa siku nyingi. Kwa daktari wa mifugo ni baraka: sindano moja inatosha. Kwa farasi ni balaa: ili kuipata lazima umtoe damu.

Nchi zilizojulikana kwa biashara hiyo ni Argentina, Uruguay na Iceland. Kule Iceland kanuni iliruhusu kutoa lita 5 kwa wiki, mpaka mara 8 katika msimu, kwa farasi ambao si wakubwa, mwenye mimba. Mashirika ya kutetea wanyama yalitoa picha za video kutoka Amerika ya Kusini mwaka 2015 na kutoka Iceland mwaka 2021, zikionyesha majike wakipigwa na kusukumwa. Mwezi wa kumi 2021 Bunge la Ulaya liliomba uagizaji na utengenezaji wa PMSG usimamishwe. Ombi la bunge si sheria, na chupa zinaendelea kuuzwa. Mkojo nao ulikuwa na biashara yake: tangu 1941 na 1942, kule Canada na Marekani, estrojeni za farasi mwenye mimba ziliuzwa kwa wanawake waliofika mwisho wa hedhi, kwa jina la Premarin.

Ninaandika haya juu wengine kati yetu wanataka kuweka PMSG katika mradi wa mbuzi. Nimesikia hoja yao: majike wazae pamoja, wana wauzwe pamoja kabla ya sikukuu, hesabu iwe rahisi. Hoja ni nzuri. Lakini mimi nitapiga kura ya hapana, na si kwa huruma ya farasi peke yake. PMSG ni protini ya mnyama mwingine. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa kule Ufaransa wameona kwamba mbuzi anayedungwa mwaka kwa mwaka anatengeneza kinga dhidi yake, na majike wenye kinga nyingi wanachelewa kuingia joto na kushika mimba kidogo. Tena chupa inataka baridi, baridi inataka umeme, na mnajua hali ya umeme hapa kwetu. Na haitumiki peke yake: kwanza unampa jike projesteroni ya bandia siku kadhaa, kisha unaiondoa, kisha sindano.

Kuna njia ya zamani isiyotaka sindano: dume. Ukilitenga mbali kabisa wiki tatu ao nne, majike wasilione, wasilisikie, wasipate harufu yake, kisha ukalirudisha ghafla, sehemu nzuri ya majike waliokuwa wamelala wanaanza kutoa mayai ndani ya siku chache. Mara nyingi joto la kwanza ni fupi na halishiki, linafuatwa na lingine karibu wiki moja baadaye, na hilo njo la kutegemea. Kwa jike ambaye tayari anaingia joto kila mara, dume halitabadilisha mambo mingi, na majike wetu wengi, wakila vizuri, wako hivyo. Kwa hiyo tusitegemee wazae wote siku moja. Tutapata wiki mbili tatu za uzazi uliokaribiana, na kwa soko la Kasongo hiyo inatosha.

Shida yetu ni zizi. Mbuzi wa hapa wanatembea mchana kutwa na madume ya jirani, usiku wanalala chini ya paa moja. Tukitaka kufanya hivyo, tunahitaji zizi la dume upande wa pili wa kijiji, mbali na upepo unaoelekea kwa majike, na makubaliano na majirani wenye madume. Nimeanza kuhesabu miti na misumari. Mwenye kujua bei ya mbao kwa sasa anipatie kabla ya mkutano wa Jumamosi.